Walimu wasiwinde warefu, wafunze ulinzi wa kubana

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi za upili kwamba mwalimu akabidhiwapo timu ya mpira wa vikapu, jambo la kwanza alifanyalo ni kutafuta mtu mrefu. Huitazama foleni ya asubuhi, akahesabu vichwa vilivyopita vingine, na asipoviona huanza kuulizia katika shule jirani, au hata katika kaunti za mbali, kama hakuna kijana wa futi sita na nusu anayeweza kuhamishwa upesi kabla mashindano hayajaanza. Akimpata, kijana huyo husimamishwa chini ya kikapu kama mlingoti, na wenzake wanne huambiwa kwamba kazi yao ni moja tu, kumtupia mpira. Asipompata, mwalimu hukata tamaa mapema na kutangaza kwamba mwaka huu shule haina timu.

Kwa maoni yangu desturi hii inatudhuru kwa njia mbili. Kwanza, inawafundisha wanafunzi kwamba ushindi huletwa na mgeni wala si kwa kazi ya wenyeji. Wahenga walinena kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini, na shule inayotumai kimo cha mtoto wa shule nyingine haina budi kubaki maskini siku mtoto huyo atakapomaliza masomo yake na kwenda zake. Pili, inawatupa nje wanafunzi wengi wenye miguu myepesi na akili kali, wavulana kwa wasichana, ambao kosa lao pekee ni kuzaliwa wafupi.

Ninaandika haya nikiwa Tabaka, katika Mugirango Kusini, mahali panapojulikana duniani kwa mawe ya sabuni. Hapa wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake huosha na kung'arisha kwa maji na msasa, na kazi yao huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Kila aliyelelewa hapa anajua kwamba mchongaji hodari hakati shauri la kuchonga twiga kabla hajalitazama jiwe. Jiwe refu lisilo na ufa laweza kuwa twiga. Jiwe pana na fupi litakuwa bakuli. Lenye mshipa wa rangi ya waridi litageuzwa hivi na hivi mpaka mshipa huo uonekane. Mchongaji halaumu jiwe kwa kuwa si jingine. Je, kwa nini mwalimu wa michezo, ambaye aghalabu ni mtoto wa wachongaji hao hao, awalaumu wanafunzi wake kwa kuwa si wengine?

Dawa ninayoipendekeza si mpya. Ni ulinzi wa kubana, ambao vijana wetu huuita presi. Katika ulinzi wa kawaida timu ikishafunga au ikishapoteza mpira hurudi upesi katika nusu yake, ikamngoja mpinzani aje. Katika ulinzi wa kubana timu hairudi. Hubaki pale pale mpira ulipo, ikamkabili mpinzani tangu anaposimama nje ya mstari wa mwisho akitafuta wa kumpa pasi.

Yafaa ieleweke kwa nini ulinzi huu humfaa mfupi. Kikapu kimewekwa meta 3.05 kutoka ardhini, na huko juu mrefu ana faida isiyopingika. Lakini mpira hauanzii kikapuni. Unaanzia mwisho wa uwanja, mikononi mwa mtu, na ni lazima usafiri. Uwanja kamili una urefu wa meta 28 na upana wa meta 15. Sheria za Shirikisho la Mpira wa Vikapu Duniani, yaani FIBA, humpa anayeuingiza mpira sekunde 5 tu za kuutoa mikononi mwake. Timu ikishaumiliki uwanjani ina sekunde 8 za kuuvusha mstari wa katikati, na sekunde 24 kwa jumla za kujaribu kufunga. Katika safari hiyo faida ni ya mwenye miguu myepesi na macho yasiyolala. Naye mrefu anayengoja chini ya kikapu, asipoletewa mpira, ni mtazamaji tu aliyevaa jezi.

Walimu waliocheza katika miaka ya 1990 watakumbuka kwamba enzi hizo mambo yalikuwa tofauti. Timu ilipewa sekunde 10 za kuvuka katikati na sekunde 30 za kushambulia, na mchezo wenyewe ulikuwa wa vipindi viwili vya dakika 20. Mwaka wa 2000 FIBA ilibadilisha sheria hizo. Sekunde 10 zikawa 8, sekunde 30 zikawa 24, na mchezo ukagawanywa katika robo nne za dakika 10, kukiwa na mapumziko mafupi baada ya robo ya kwanza na ya tatu. Sioni kama walimu wetu wengi wamepima uzito wa mabadiliko hayo. Anayeshambulia alipunguziwa muda, na anayelinda aliongezewa nafasi ya kuvuta pumzi. Sheria zenyewe zimemkaribia anayebana, ilhali sisi bado tunafundisha kama walimu wetu walivyotufundisha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya vitabuni. Basi na tutazame historia. Mwaka wa 1964, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, maarufu kama UCLA, kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa mara ya kwanza chini ya kocha John Wooden. Timu hiyo ilicheza mechi 30 na kushinda zote 30, ingawa katika watano wa kuanzia hapakuwa na hata mmoja aliyezidi futi 6 na inchi 5, kimo ambacho katika mchezo huo huko kwao kilihesabiwa kuwa kidogo. Silaha yao ilikuwa ulinzi wa kubana wa eneo, wachezaji wawili mbele, wawili katikati na mmoja nyuma. Katika fainali walikutana na Duke, iliyokuwa na warefu kuwaliko, wakaishinda kwa alama 98 kwa 83, baada ya kufunga alama 16 mfululizo katika kipindi cha kwanza. Miaka 30 baadaye, mwaka wa 1994, Duke hiyo hiyo ilishindwa tena katika fainali, alama 76 kwa 72, na Arkansas ya kocha Nolan Richardson, timu iliyosifika kwa kubana mwanzo hadi mwisho.

Wala tusidhani kwamba mchezo huu ni wa wengine. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya taifa, Morans, iliilaza Angola kwa alama 74 kwa 73, kwa mtupo wa Tylor Ongwae katika sekunde ya mwisho. Angola wakati huo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kwa ushindi huo Kenya ilirudi katika mashindano ya Afrika, yaliyofanyika Kigali mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1993 yalipofanyika Nairobi. Na hapa karibu, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, shule ya Agoro Sare ya Oyugis ni jina linaloheshimiwa katika mpira wa vikapu wa shule nchini. Kinachotupungukia sisi si uwezo.

Hata hivyo, kusema tu kwamba timu ibane hakutoshi, kwa maana kubana kuna aina nyingi, na kosa kubwa la walimu ni kuchagua aina kwa kuwa waliiona ikichezwa na timu nyingine. Kuna kubana mtu kwa mtu uwanja mzima. Huu ndio ulinzi rahisi kueleza, kwa kuwa kila mmoja ana wake wa kumfuata, na mvivu huonekana mara moja. Lakini wataka wachezaji watano ambao wote wana kasi. Mmoja akiachwa nyuma, mlango umefunguka. Mwalimu ambaye ana wanafunzi wanane au tisa wanaolingana kwa mbio, hata kama hakuna aliye hodari sana, aanze na huu.

Kuna kubana kwa eneo kwa mpango wa mmoja, wawili, mmoja na mmoja. Wa mbele humsumbua anayeingiza mpira, wawili wa pembeni hungojea pasi ya kwanza iende kona ili waizingire, wa katikati huvizia pasi ya pili, na wa nyuma hukilinda kikapu. Mpango huu ni wa hatari kwa pande zote mbili. Ukifaulu, mpira hunyakuliwa karibu kabisa na kikapu cha mpinzani. Ukivunjwa, wapinzani wawili au watatu watamkuta mlinzi mmoja peke yake. Usiutumie isipokuwa una mtu mmoja mwenye mikono mirefu wa kusimama mbele na mwingine mwenye akili ya kusoma pasi wa kusimama katikati. Naam, hapa kijana mrefu ana kazi pia, lakini kazi yake ni mbele, wala si kungoja chini ya kikapu.

Kuna ule wa UCLA, wawili, wawili na mmoja. Huu ni wa subira. Haukimbilii kunyang'anya. Humruhusu mpinzani kuingiza mpira, kisha humsukuma polepole kuelekea mstari wa pembeni, huku sekunde 8 zikiyeyuka. Timu isiyo na kasi kubwa lakini yenye utiifu itaupenda. Mwisho kuna mtego wa nusu ya uwanja, mmoja, watatu na mmoja, ambapo walinzi humngoja mpinzani avuke katikati kisha humzingira pale pale penye pembe ya mstari wa katikati na wa pembeni. Akishavuka, sheria haimruhusu kuurudisha mpira nyuma, kwa hiyo mistari hiyo miwili imekuwa walinzi wawili wasiochoka na wasiofanya faulo. Shule yenye wachezaji saba tu wenye afya nzuri na ichague huu, maana huokoa pumzi.

Basi mwalimu ajiulize maswali manne kabla ya kuchagua. Ni wangapi wanaoweza kukimbia kwa kasi mpaka robo ya nne? Ni nani anayeona pasi kabla haijatupwa? Je, timu yangu hufunga mara nyingi? Swali hili la tatu husahauliwa. Ulinzi wa kubana kwa eneo hupangwa vizuri baada ya kufunga, kwa sababu mpinzani hulazimika kuuokota mpira na kuuingiza kutoka nje, na hapo mnapata nafasi ya kushika mahali penu. Timu inayokosa mitupo kumi mfululizo haitapata nafasi ya kubana, hata ikiwa na mioyo ya simba. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kubana aanze kwa kufundisha mitupo ya karibu na mitupo huru.

Swali la nne ni la uwanja. Sisi wa Gusii tunajua kwamba mvua yetu hupenda kunyesha alasiri, saa ile ile ya michezo. Viwanja vingi vya shule zetu ni vya udongo au vya saruji iliyopasuka, na baadhi vimechongwa ubavuni mwa kilima. Kumtuma mtoto azingire kwa kasi juu ya saruji yenye maji ni kumwombea avunjike kifundo cha mguu. Siku kama hiyo mpango wa subira ndio unaofaa, au mazoezi yahamishiwe ndani ya bwalo. Wala hakuna haja ya vifaa vya bei. Hapa Tabaka huchongwa kete za sataranji za mawe ya sabuni, nyeupe na nyeusi. Mwalimu aweke kete tano nyeupe na tano nyeusi juu ya meza, aisogeze ile iliyo na mpira, na amwulize kila mwanafunzi, "Wewe sasa uko wapi?" Nusu saa ya kete mezani wakati mvua inanyesha yaweza kuwafaa kuliko wiki nzima ya kukimbia bila kuelewa.

Nakuja sasa kwenye kufundisha kwenyewe. Walimu wengi hudhani kwamba kubana ni pumzi tu, kwa hiyo huwakimbiza wanafunzi vilimani mpaka watapike. Sisi tuna urithi wa mbio. Naftali Temu, mwana wa Gusii, ndiye aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika meta 10,000, mjini Mexico mwaka wa 1968. Lakini mlinzi anayebana hakimbii meta 10,000. Hukimbia meta tano, akasimama, akarudi nyuma tatu, akaruka, akakimbia kumi na tano, kisha akapumzika mpira unapotoka nje. Mazoezi yake na yafanane na kazi yake, mbio fupi za kasi zenye vituo, kugeuka, na kurudi kinyumenyume.

Hatua ya kwanza iwe ya miguu kabla ya mikono. Mwanafunzi mmoja adunde mpira kutoka mwisho hadi mwisho katika theluthi moja ya upana wa uwanja, na mwingine amlinde mikono ikiwa imefungwa nyuma ya mgongo. Asiyeweza kulinda kwa miguu atalinda kwa mikono, na anayelinda kwa mikono hufanya faulo. Tukumbuke kwamba mchezaji akifikisha faulo 5 hutoka, na kwamba timu ikishafanya faulo 4 katika robo moja, kila faulo inayofuata humpa mpinzani mitupo miwili huru. Timu inayobana kwa kupapasa humzawadia mpinzani alama ambazo asingeweza kuzipata kwa jasho lake.

Hatua ya pili iwe mtego wa watu wawili. Wa kwanza humsimamisha mwenye mpira na kumwelekeza pembeni, wala asikubali kamwe kupitwa upande wa katikati ya uwanja. Wa pili huja kutoka mbele. Miguu yao ikaribiane hata pasipatikane nafasi ya kupenya, mikono iwe juu, na wasiuguse mpira. Huu ndio ugumu mkubwa kwa vijana, kutoutaka mpira ulio mbele ya macho yao. Lakini kazi ya wawili hawa si kunyang'anya. Kazi yao ni kumlazimisha atupe pasi ndefu ya juu, pasi inayokaa hewani, na mwenye kuivuna ni mwingine.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ningependa wanafunzi waifikirie. Wawili wakimzingira mmoja, wamebaki walinzi watatu dhidi ya wapinzani wanne. Mmoja ni lazima aachwe. Nani? Aliye mbali zaidi na mpira, kwa sababu pasi yake itachukua muda mrefu zaidi kufika, na katika muda huo mlinzi aliye macho aweza kufika pia. Mpira ukihama, yule wa kuachwa hubadilika, na watatu wote huhama pamoja. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili anacheza kwa akili wala hahitaji kupigiwa kelele. Asiyelielewa atafuata sauti ya mwalimu, na sauti ya mwalimu sikuzote hufika baada ya mpira kupita.

Hatua ya tatu ni kurudi. Hata ubanaji bora huvunjwa. Ukivunjwa, kila mmoja akimbilie kwanza kwenye eneo la mbele ya kikapu chake, kisha ndipo atafute mtu wa kumlinda. Na hatua ya mwisho ni kuwashindanisha watano wanaobana dhidi ya sita wanaoshambulia. Kwa njia hiyo wanaobana huzoea shida kubwa kuliko ya mechi, na wanaoshambulia hujifunza utulivu wa kuuvunja ulinzi kama huo, jambo ambalo nalo watalihitaji siku watakapobanwa.

Katika yote hayo, naomba mwalimu apunguze kelele. Ni jambo la kusikitisha kuona mkufunzi akitembea kando ya uwanja akimwamrisha kila mtoto hatua yake. Ampe nahodha ishara mbili au tatu, ya kuanza kubana, ya kubadilisha, na ya kuacha, kisha amwachie aamue. Mfumo mpya wa elimu ya umilisi umeitenga Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Iwapo tunataka mkondo huo uheshimiwe na wazazi, ni lazima waone kwamba uwanjani mtoto hujifunza kupima, kuamua na kushirikiana, wala si kutoka jasho tu.

Kuna faida nyingine ninayoithamini kuliko hata ushindi. Mwamuzi huruhusu timu iandikishe wachezaji 12, lakini shule nyingi hucheza na sita, na hao wengine hubeba chupa za maji kwa miaka mitatu. Anayebana hawezi kufanya hivyo. Watano hao hao hawawezi kubana kwa dakika 40. Ni lazima waingie wanane, tisa, kumi, kila mmoja kwa dakika zake chache za nguvu zote. Msichana mfupi asiyeweza kutupa mpira kutoka mbali, lakini anayeweza kumsumbua mwenye mpira kwa dakika tatu mfululizo, amepata nafasi yake. Sijui somo la usawa lililo wazi kuliko hilo.

Nakiri kwamba wapinzani wa ulinzi huu wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Mwaka wa 2009 mwandishi Malcolm Gladwell alieleza katika jarida la The New Yorker habari za timu ya wasichana wadogo wa Redwood City, California, iliyofunzwa na Vivek Ranadivé, baba wa mmoja wao, ambaye mwenyewe hakuukulia mchezo huo. Wasichana hao walikuwa na ustadi mdogo, lakini walibana uwanja mzima mechi baada ya mechi, wakafika mashindano ya kitaifa. Huko mwamuzi aliwahesabia faulo nyingi, kocha akalazimika kuacha kubana, nao wakashindwa. Wengi waliyasoma maandishi hayo kama sifa kwa mnyonge aliyekataa kucheza kwa masharti ya mwenye nguvu, na mimi nayasoma hivyo pia. Lakini mna onyo ndani yake. Timu isiyojua jambo jingine ila kubana, siku ikizuiwa kubana haina la kufanya. Mtoto afunzwe kudunda, kupiga pasi na kutupa, na ulinzi huu uwe juu ya hayo, wala usiwe badala yake.

Hoja ya pili ni ya utu. Katika mashindano ya chini kabisa hukutana shule yenye uwanja na mipira kumi na shule ambayo wachezaji wake wameanza mchezo mwezi uliopita. Ukiwabana watoto hao uwanja mzima, hawatavuka katikati hata mara moja, na utaondoka na ushindi wa alama 80 kwa 6 ambao haukumfundisha mtu lolote. Wao watauchukia mchezo, na wako watazoea ushindi usio na jasho. Ligi nyingi za watoto huko Marekani huzuia kubana kwa wadogo, au timu inapokuwa imetangulia kwa alama nyingi. Napendekeza walimu wa kaunti zetu wapatane jambo kama hilo kwa mashindano ya mwanzo, kwamba timu ikitangulia kwa alama 20 irudi nusu yake ya uwanja. Haya hayahitaji amri kutoka Nairobi. Yahitaji walimu wawili kusalimiana kabla ya mechi na kukubaliana.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Fedha zinazotumika kumtafuta, kumhamisha na kumtunza kijana mmoja mrefu kutoka mbali zaweza kuziba nyufa za uwanja, kuchora mistari upya na kununua mipira sita. Mchezaji huyo ataondoka na cheti chake. Uwanja utabaki, na watakaoutumia ni watoto wa Tabaka, wa Nyamarambe na wa Suneka, ambao wazazi wao ndio wanaolipa karo.

Nanyi wanafunzi, hasa mlioambiwa kwamba hamkufikia kimo, msingoje mwalimu akubali hoja hii. Mkiwa watatu tu mnaweza kuanza leo jioni, mmoja akidunda na wawili wakijifunza kumzingira bila kumgusa. Mtakapoweza kufanya hivyo mara kumi bila faulo hata moja, nendeni mkamwonyeshe.

Najua wapo walimu wenzangu watakaopinga niliyoyasema, na huenda wana uzoefu wa uwanjani kunishinda. Na waandike, waeleze ni ulinzi gani uliowafaa na kwa wachezaji wa namna gani. Mjadala wa aina hiyo utazifaa shule zetu kuliko kuulizana kila Januari ni nani amempata mrefu mpya.